Ngazi ya Themanini na Tatu

Vilikuja saba, vipeperushi vya vyuo,
na kweli vilipeperuka: dirisha la jikoni halifungi,
upepo wa Rioni huingia bila hodi.
Nikavikandamiza kwa bonge la jibini.
"Mama, unavilowesha!"
Picha ni moja kwa vyote saba:
vijana watatu, nyasi, kompyuta, meno.
Cha nne na cha sita vina kijana yuleyule,
shati tu limebadilika.

"Uhusiano wa umma na matangazo," alisema Lamzira,
kama anayetaja jina la mchumba.
Nikamjibu: chema chajiuza, kibaya chajitembeza.
Miaka ishirini na sita nauza jibini sokoni Kutaisi,
sijabandika hata karatasi.
Akanitazama.
"Na ile sauti yako ya asubuhi, Mama?
Na mteja unayemwonjesha kipande cha juu,
cha chini ukakiacha chini?"
Nikachukua kitunguu, nikakikata,
macho yapate kisingizio.

Tukapanda treni ya alfajiri kwenda Tbilisi.
Chuo cha kwanza kilitupa kalamu na mfuko.
Msichana wa mapokezi alisema
tisini na saba kwa mia hupata kazi.
"Kazi gani?" Lamzira akauliza.
Msichana akatabasamu, akatuongezea kalamu.

Cha pili kuta zake ni vioo,
na ada yake imejificha chini ya ukurasa
kwa herufi ndogo kama chawa.
Nikavaa miwani. Nikavua.
Ng'ombe wawili kwa mwaka,
nami nina mmoja, na ana mimba ya mashaka.

Cha tatu rangi imebambuka.
Lifti ni ile ya kizamani, ya kutumbukiza sarafu,
na mlangoni pake karatasi, mwandiko wa mkono:

LIFTI NI MBOVU TANGU JUMATANO.
FUNDI AMEAHIDI. HATUMWAMINI.
NGAZI NI THEMANINI NA MBILI.
KITI CHA KUPUMZIKIA KIKO YA AROBAINI.

Yeye alihesabu kwa mdomo, mimi kwa magoti.
Ya arobaini: kiti. Mguu mmoja unacheza,
lakini kiti.
Nikaketi kama malkia wa jibini.

Juu, hakuuliza ada wala mabweni.
"Nani aliandika lile tangazo?"
Mwalimu mmoja, sweta imetoboka kiwikoni,
akainua mkono nusu. "Mwaka wa kwanza. Ni zoezi.
Nimewapa saba kwa kumi."
"Ungewapa sita," binti yangu akasema.
"Ni themanini na tatu. Hamkuhesabu kizingiti,
na kwa magoti ya mama yangu
kizingiti nacho ni ngazi."

Kimya.
Kisha mwalimu akatoa kalamu mfukoni, akampa.

Akashuka zote, peke yake, kwenda kusahihisha.
Nikasikia viatu vyake vikipungua, vikipungua,
nikajua amekwisha chagua
na hakuna atakayeniuliza.

Ada ya pale ni ng'ombe mmoja na nusu.
Hiyo nusu
bado naitafuta.