Hesabu ya Mlangoni

Nyumba yetu ilikuwa na jina kabla sisi hatujawa na majina:
Iturbeltz, Chemchemi Nyeusi.
Mawe chini, mbao juu, ng'ombe wakilala chini ya vitanda vyetu,
wakitupasha joto kwa pumzi zao.
Huku milima ya Navara mtu huitwa kwa nyumba yake.
Mimi ni Mikela wa Iturbeltz. Nina miaka themanini na mmoja,
na mlango naufunga kwa mazoea tu.

Mwaka ule mvua ya mawe iliyapiga matufaha,
ng'ombe wa jirani akatoa maziwa yenye damu,
na watu, kama ilivyo kawaida ya watu, wakatafuta mwanamke.
Wakampata mama.
Mjane. Alijua majani. Hakuimba kanisani.
Tena hakuitamka kumi na saba:
akihesabu mayai, akihesabu kondoo,
alisema kumi na sita, akanyamaza pumzi moja, akasema kumi na nane,
kwa kuwa kaka yangu mchanga aliishi siku hizo, hakuzidisha.
Ami Petri ndiye aliyelitaja hilo mbele ya hakimu.
"Mchawi ana namba yake," alisema,
kofia mkononi, kwa adabu.

Wakamchukua kwa mkokoteni wa fahali.
Magurudumu yalilia mpaka bondeni.
Wiki ya tano tukarudishiwa kiatu kimoja cha mti.

Ndipo Ami akapigilia mlangoni ua la mbaruti,
kavu, pana kama sahani,
pembezoni nywele za fedha, nyingi kama za mzee asiyechana.
Akanifundisha maneno yake:

    Ewe mgeni wa giza,
    hesabu nywele, maliza;
    ukikosa moja, anza,
    jua litakufukuza.

Usiku wa tatu nikasikia hesabu.
Sauti ya chini, yenye baridi ya mtu aliyelala nje.
Kumi na tano. Kumi na sita.
Pumzi moja.
Kumi na nane.
Kisha kimya cha aliyejua amekosea. Kisha moja, tena,
na tena, mpaka jogoo.

Nilikuwa na miaka saba. Ninyi mngefanya nini?

Asubuhi nilipanda kigoda nikang'oa unywele mmoja.
Kesho yake wa pili.
Nikazitafuna, nikazimeza, Ami asizione.
Zikipungua chini ya kumi na saba, niliwaza,
mama hatakuwa na pa kukosea.
Theluji ikafika madirishani, nami nang'oa.
Kila alfajiri niliziona nyayo zikienda msituni:
mguu mmoja wenye kiatu, mmoja mtupu.
Ami akasema panya wanalila ua. Akaleta paka.
Paka hakukaa.

Jioni moja zikabaki kumi na saba.
Kidole changu kilikuwa na usaha kwa miiba;
nikasema, mmoja huu kesho. Kesho mama ataingia.
Nikakiweka kiatu chake karibu na moto, kipate joto mapema.

Moja, ikasema sauti. Mbili.
Sikuogopa; niliizoea.
Kumi na nne. Ng'ombe wote wakasimama kwa pamoja.
Kumi na tano.
Kumi na sita.

Pumzi moja.

"Kumi na saba,"
taratibu, kama mtu anayeonja chumvi.

Komeo likajiinua.

Habari za Ami msiniulize.
Kiatu kilimtosha; hilo naweza kusema.
Ana mikono ya mama, na mkate wake hauna kasoro.
Kila jioni hunikalisha mbele ya moto, akanichana,
akahesabu kwa sauti, bila kuruka namba,
na nikilala kabla hajamaliza, huanza upya kesho.

Zamani alikesha.
Sasa nywele zangu zimekuwa chache,
nami silali.