Sikuwa na Njaa

Mwenye njaa hana miiko, husemwa.
Mimi sikuwa na njaa.
Nilikuwa nimeshiba matoke na mchuzi wa karanga,
nimeosha sahani, nimesali, nimelala,
na saa saba usiku niliposhtuka
mkono ulikuwa umeshatangulia kabatini.

Kabalagala kumi na moja, za watoto za asubuhi.
Nusu mkate. Sukari, kijiko juu ya kijiko.
Kisha ukoko wa posho, naukwangua kwa kucha
polepole, Nambozo asisikie chumba cha pili.
Nasimama gizani kama askari wa zamu,
mimi binti wa sajini, mzaliwa wa kota za polisi Mbale,
ambako Kiswahili kilikuwa cha amri:
Simama! Geuka! Basi!
Hilo la mwisho
kinywa changu hakikulitii.

Mama aliita tamaa.
Mchungaji aliita pepo, akanifungisha siku tatu;
siku ya nne nilikula mpaka nikalia,
nikala huku nalia.
Dada yangu Khainza hakuliita jina.
Alininunulia kufuli.

Halafu Dakta Opolot akataka watu wa utafiti wake.
Vua hereni, vua saa, vua kila chuma.
Nikalazwa ndani ya mtungi mkubwa unaogonga
kama mvua ya mawe juu ya bati,
nikikatazwa kutikisa hata shingo,
na humo, aibu yangu yote ikiwa imelala chali,
niliwaza chapati.

Aliiinua picha dirishani.
Nje, maporomoko ya Wanale yalining'inia kama uzi.
Kichwa changu: fenesi lililopasuliwa,
ila la kijivu, lisilo na utomvu.
"Hapa," kalamu yake nyuma ya kipaji cha uso,
"ni sehemu mojawapo inayosaidia kusema basi.
Kwa baadhi ya watu wenye shida yako
tunaona gamba limepungua unene kidogo.
Kwa wengine hatuoni kitu."
"Na kwangu?"
"Picha moja haitoi hukumu."

Nikamuuliza: wembamba huo ndio unaozaa ulaji,
au ulaji ndio unaokwangua,
kama mimi na ule ukoko?
Akavua miwani, akaifuta kwa shati.
"Hatujui bado."

Hatujui!
Miaka yote hiyo kila mtu alijua.
Mama alijua, mchungaji alijua,
hata muuza kufuli alinitazama tumbo akajua.
Nililibeba neno lile mpaka nyumbani
kama mtu abebavyo yai mfukoni.

Usiku niliamka tena. Nisikudanganye.
Mkono ulitangulia tena.
Lakini niliwasha taa,
nikavuta kigoda, nikatoa sahani,
nikaketi.
Kabalagala ya nne ilikuwa na ladha ya ndizi.
Sikuwahi kujua.
Nambozo akasimama mlangoni, shuka begani:
"Mama, unakula?"
"Ninakula," nikasema.
"Njoo ukae."