Daftari la Ini

Saa kumi na moja alfajiri, machinjioni Ruzizi,
taa moja inawaka, nyingine bado inafikiria.
Kisu changu kifupi, koti langu lilikuwa jeupe.
Mimi Zihindula, mkaguzi wa nyama,
msomaji wa vitabu vyenye damu.

Ini ni kitabu. Ukilipasua taratibu
pale mifereji ya nyongo inapokutana
litakusimulia ng'ombe alikunywa wapi:
si kisimani,
bali kule bondeni Kabare, kwenye tope
lenye konokono wadogo kama punje za mtama,
kiangazi kile majani yalipokauka mlimani
na bonde peke yake likabaki kijani.

Leo wametoka watano katika mfereji mmoja, wazima,
bapa, rangi ya kahawa iliyopoa,
majani yaliyosahau mti wao.
Navuta mstari kwa penseli.
Jana mistari tisa, kwa ng'ombe kumi na wanne.
Juzi umeme ulikatika, sikuona,
nikaandika saba. Mungu anisamehe, na ofisi pia.

Ofisi inataka asilimia.
Kila mwisho wa mwezi napeleka asilimia;
wanaigonga muhuri, wanaifungia kabatini
ikae na panya.
Dawa haijawahi kutoka kwenye kabati lile.

Huyu wa leo alikuwa wa Nankafu, mjane wa Bagira.
Alimweka kwa kaka yake, akamwita Mapendo,
akamhesabia ndama ambao hawakuja.
Mwaka mzima ng'ombe anakula, anakonda.
Chini ya taya ukaning'inia mfuko wa maji.
Majirani wakasema: jicho.
Shemeji akasema: kuna mtu.
Nikampasulia ini mbele yake:
"Mama, mchawi ndiye huyu. Urefu wake ni kucha."

Akalitazama anavyotazamwa mkwe
aliyekuja mikono mitupu.
"Na kilo tano hizi unazitupa?"
"Ni sheria, mama."
"Sheria hiyo, watoto wangu wataipika na nini?"

Nikalimwagia mafuta ya taa.
Mbwa watatu langoni wakageuza nyuso.
Wachinjaji wakaendelea kunoa, wakipiga soga
za bei ya ngozi.

Hakuondoka.
"Muganga, ile mboga ya majini ninayochuma,
naichuma bonde lile lile.
Tunaila mbichi, kwa chumvi kidogo."
Akaweka kidole chini ya ubavu wake wa kulia,
polepole, kama anayebisha mlango wa jirani usiku:
"Nisomee na hapa."

Sikuwa na kisu cha swali hilo.
Nikafunga daftari. Nikalifungua.
Pembeni mwa mistari ya ng'ombe
nikavuta mmoja, mwembamba,
nisijue niuwekee safu gani.