Reli ya Mita

Mchana nachonga meno ya bandia mtaa wa Kiusa.
Usiku taa ile ile, nyenzo zile zile,
natandika njia juu ya ubao wa mninga:
stesheni ya Kahe, urefu wa dhiraa mbili.

Muuzaji wa Dar alinisihi: chukua hii pana, dada,
kila mtu anachukua hii, treni zote zinaiingia.
Nikamwambia yetu ni ya mita.
Mita, tangu enzi za Mjerumani.
Nipe nyembamba, milimita kumi na mbili,
na treni sina, usinitafutie.

Tena ile pana ilikuwa nene mno.
Ukiikuza irudie ukubwa wa kweli
ingemfika baba katikati ya muundi,
na reli aliyoivuka miaka ishirini na saba,
nyundo begani, bendera nyekundu kwapani,
haikuzidi kifundo cha mguu.

Mataruma yalikuja na vinyweleo vya mbao,
fundi wa Ulaya kayachora kwa mapenzi yake.
Ila ya Kahe ni chuma, yamelala kifudifudi
kama masinia yanayokaushwa baada ya harusi.
Nikayasugua moja moja, mia na arobaini,
kwa kijiwe kile kinacholainisha magego.

Kahawia sikuhitaji kufundishwa.
Watu wa huku, nikiwapa jino jeupe pe,
wananirudishia: hili la mgeni.
Wanataka lifanane na wenzake,
yaliyotiwa rangi na maji ya kisima utotoni.
Basi kutu niliipaka hivyo hivyo, tabaka juu ya tabaka,
nzito pale reli inapokalia taruma,
hafifu kiunoni,
na tone la oili chafu katikati ya njia
pale injini ilipozoea kungoja.

Mchanga ni wa mto Karanga, chujio ni la chai.
Gundi nimeizimua kwa maji na sabuni ya vyombo
isije ikasimama juu ya kokoto kama jasho.
Nadondosha kwa sindano. Nashikilia pumzi.
Anaeli jirani kachungulia dirishani:
"Nani huyo unamtibu saa hizi?"

Likabaki la mwisho, na ndilo limenikwamisha.
Kichwa cha reli. Nikikisugua king'ae,
nimesema treni imepita leo asubuhi.
Nikikiacha, nimesema majani,
nimesema ile miaka
baba alipoamka saa kumi kwa mazoea
na hana pa kwenda.

Nikamwita. Macho yake siku hizi ni ukungu.
Akapitisha ukucha juu ya chuma, taratibu,
kutoka upande wa Moshi kwenda upande wa Tanga,
akasimama.
"Hapa umebana, Nakundwa.
Jua la Februari likiwaka, chuma kiende wapi?"

Kazi yangu ni kuziba mianya.
Nikawasha mashine, nikaukata mmoja,
mwembamba kama unywele.
Akagonga kwa ukucha, akatega sikio.
Hakuuliza treni iko wapi. Aliuliza chai.

Msasa bado uko mezani, umekunjwa mara mbili.
Leo mama mmoja wa Rau kaja kuchukua gego lake,
kaligeuzageuza kwenye mwanga,
kaona chembe nyekundu pembeni,
kasema: hili sasa ndilo langu.