Upande wa Dirishani

Sunniva aliniachia mmea na karatasi.
Karatasi nimeibandika kwenye friji kwa sumaku ya benki:
Baba, tia kidole kwanza. Hadi pingili ya pili.
Kikitoka na udongo, usimwagilie.
Kikitoka kikavu, mpe.
"Mpe," ameandika, kana kwamba ni mtu.
Kisha akapanda ndege kwenda Bergen kusomea madaraja.

Mimi ni dereva wa lori la kusukuma theluji.
Miaka thelathini na moja nimesukuma weupe
kutoka upande huu wa barabara hadi ule,
na usiku ukaurudisha.
Nijue nini kuhusu jani
pana kama sinia, lililotobokatoboka
mithili ya kitu kilichoanza kuliwa kikaachwa?

Hapa Vadsø jua lilituaga mwisho wa Novemba.
Adhuhuri ina rangi ya maji yaliyosuuza chupa ya maziwa.
Nikanunua taa, nikaining'iniza kwa waya.
Nikausogeza mmea mbali na hita, ukapigwa na baridi ya kioo;
nikausogeza mbali na kioo, hita ikaubabua ncha;
mwisho ukakaa katikati ya sebule
kama mgeni asiyeonyeshwa kiti.

Nikirudi zamu, saa tatu asubuhi, giza totoro,
niliyapangusa majani kwa fulana yake ya zamani,
juu, chini, taratibu, kiganja kikiyakinga,
kisha nikamwaga maji.
Kidole sikutia.
Nani humpima mgeni kiu kabla ya kummiminia kahawa?
Nilimwaga jana, nikamwaga leo,
nikamwaga kila siku ambayo simu haikulia.

Jani la kwanza lilipogeuka manjano nilisema: uzee.
La pili: giza hili.
La tatu lilianguka zito, limelowa,
na chungu kikatoa harufu ya soksi zilizosahauliwa garini.

Nilitandaza magazeti jikoni.
Mizizi ilikuwa ya kahawia, ikiteleza, ikivuka ganda
kama tambi zilizopitiliza motoni.
Nikakata. Nikauchovya mkasi kwenye spiriti, nikakata tena,
mpaka nikaona weupe,
weupe wa kwanza niliowahi kuufurahia.

Lakini picha nilimtumia.
Kila Jumapili, kutoka upande wa dirishani,
ambako majani manne yalikuwa bado yamesimama kidete.
"Unapendeza!" aliandika. "Na wewe je?"
"Mzima," nilijibu. "Theluji tu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mimi niliumbuliwa na binti mwenye macho:
"Baba. Mbona miezi miwili upande ni uleule?"

Nikamweleza: maji, mizizi, magazeti.
Kimya. Nyuma yake mashine ilikuwa ikikoroga kitu kizito.
"Uko wapi?"
"Kazini. Kiwanda cha mikate."
Kimya kingine, safari hii changu.
"Madaraja niliyaacha Oktoba, Baba.
Na mimi nilikuwa nakutumia upande wa dirishani."

Kuna maneno ambayo baba anapaswa kuwa nayo saa kama ile.
Niliyatafuta mfukoni, nikakuta funguo za lori.
Nikasema: "Mikate gani?"
Akasema: "Ya iliki."
Akaanza kunieleza, akaeleza, akaeleza,
mpaka simu ikaniunguza sikio.

Jua limerudi, dakika chache, jembamba kama wembe.
Mmea umechipua jani jipya, limejiviringa
kama barua isiyofunguliwa,
na ncha yake imenasa kwenye kikonyo cha mwenzake.
Vidole vinaniwasha nilisaidie.
"Usiliguse," anasema Sunniva kwenye spika,
unga ukipigwa mezani, pu, pu.
"Litachanika."

Natia kidole kwenye udongo, hadi pingili ya pili.
Bado.
Naliweka kopo chini.
Nje imeanza tena kuanguka, nami nina zamu.