Daftari la Mweka Hazina, Jumba la Zumaridi

Mhandisi alikuja Jumatano, baada ya adhuhuri,
akapanda ngazi ya chuma upande wa kibla,
akakata kipande cha ukuta, ukubwa wa chapati.
Tukateremka naye sote hadi penye magari.
Akakiweka sakafuni. Akawasha njiti moja.

Kwanza kililia, kama mafuta yakipokea viazi karai,
kisha kikadondoka, tone kwa tone,
na kila tone likaendelea kuwaka lilipoangukia.
Moshi ukaenda moja kwa moja
kwenye kanga za Bi Shamsa, orofa ya pili.
Hakuna aliyesema neno. Mtoto mmoja alipiga makofi.

Miaka kumi na miwili tumelisifu koti hili.
Tukivuka daraja la Nyali tukiwaonyesha wageni:
lile pale, linalometa, ndilo letu.
Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.
Hawakumwachia neno mwenye ukuta usio na ufa hata mmoja,
ukuta uliovishwa kiberiti.

Haya. Nani atalipa?

Kampuni iliyojenga ilikufa mwaka ule ule tuliopewa funguo.
Ofisi yao sasa ni duka la vipodozi.
Mwenyewe yu hai, ana kampuni nyingine,
ana jumba jingine Shanzu, nalo limevaa koti.
Wakili wake ameandika: kampuni marehemu haidaiwi.
Ajabu. Kwetu jeneza haliondoki
mpaka mtu asimame aulize, nani amdai huyu?
Hii ilizikwa usiku, bila swali.

Mchora ramani asema alichora bati tupu, aulizwe mnunuzi.
Mnunuzi asema aliuziwa kwa jina la bati.
Kaunti wasema mhuri wao ni wa urefu,
nguo ni hiari ya mvaaji.
Bima walituma salamu za Idi, na chini yake
malipo mapya, mara tatu ya yale ya zamani.
Benki haijasema kitu. Benki hukata tarehe tano.

Mimi ni mweka hazina kwa kuwa sikuhudhuria kikao cha uchaguzi.
Nimepiga hesabu kwa mkono, nikarudia kwa simu ya binti yangu:
orofa tisa, milango thelathini na sita,
laki sita na elfu kumi na mbili kila mlango.
Daktari Hatimali wa orofa ya kwanza auliza
kama naye atalipa sawa, maana moto hupanda, haushuki.
Bi Rukia Shebwana wa juu kabisa akamjibu:
basi tubadilishane funguo leo, kabla ya magharibi.
Mwenye 5B yuko Doha; ameusoma ujumbe wangu tangu Shaaban.
Mpangaji wake asema, mimi nalipa kodi, ukuta si wangu.
Ni kweli. Na ni kweli kwamba yuwalala ndani yake.

Kwa sasa twamlipa Ndurya,
mia tisa kwa usiku, azunguke na filimbi, anuse.
Ndiyo kazi yake yote, kunusa.
Saa nane usiku nasikia viatu vyake ngazini
nami nafanya mazoezi ya kumteremsha mama:
kiti cha plastiki, shuka mbili,
vipandio mia moja arobaini na vinne.
Mama hucheka njia nzima.
Asema hajabebwa hivi tangu harusi yake.

Jana Kadzo wa 7C alibisha.
Yeye hana mlango; hufua, hupika,
hulala jikoni, kando ya mtungi wa gesi.
Akatoa noti ya mia mbili, imekunjwa mara nne.
Nikamwambia, Kadzo, wewe hudaiwi.
"Najua," akasema. "Lakini nalala humu."

Nilitaka kumrudishia. Mkono ulikuwa umeshafungua kitabu.
Risiti nambari moja.
Imepokelewa kutoka kwa: Kadzo Mwaringa.
Kwa ajili ya (hapo kalamu ilisita): ukuta.
Salio: milioni ishirini na mbili,
elfu thelathini na moja, na mia nane.