Msoma Mita Atembea Bure

Siku tano kwa wiki naupita mji huu nimeinama.
Jinja naijua kwa vifuniko vya chuma,
kwa nyoka mdogo aliyejikunja shimoni penye ubaridi,
kwa mbwa wa Nalufenya, mmoja mmoja, na urefu wa minyororo yao.
Niulize nyumba namba kumi na saba, Barabara ya Iganga:
nitakwambia ilikunywa lita ngapi mwezi wa Machi.
Rangi ya mlango sitakwambia.

Jumamosi hii Naigaga kanifichia daftari.
"Leo," kasema, "tembea kama mtu asiyemdai mtu."

Basi tukatoka, jua bado changa,
yeye na kandambili, mimi na viatu vya kazi;
miguu ilikataa vingine.
Mtaa Mkuu ukaanzia pale unapoanzia siku zote,
ila safari hii ulikuwa na ghorofa ya pili.
Juu ya duka la magodoro, mwaka umechongwa kwenye saruji,
1927,
na jina la mtu, nusu limeliwa na mvua.
Miaka kumi na tisa nimepita chini ya jina hilo.
"Nani huyu?" nikauliza.
"Alijenga," akasema Naigaga, "ili wewe uje ukague bomba lake."

Tukala chapati na mayai, tumesimama, mafuta yakituchuruzika viwikoni.
Fundi cherehani akatupa benchi barazani
ingawa hatukuwa na nguo ya kushonesha.
Akatusimulia goti la mkewe, mwanzo hadi mwisho.
Hakuna aliyetazama saa.

Jumapili tukashuka ziwani, polepole, kwa njia ya mbali.
Korongo wamesimama juu ya taka
kama makarani waliocheleweshewa mshahara.
Mtoto akapita na ndoo ya dagaa, akatusalimu, akaendelea kuimba.
Halafu maji,
maji hadi macho yakachoka.
Naigaga akanitazama midomo:
"Unahesabu."
"Sihesabu."
"Unahesabu, mume wangu."
Tukakaa hadi vivuli vikatuvuka,
naye akanivua kiatu kimoja, kwa nguvu,
cha pili nikakivua mwenyewe.

Jumatatu, namba kumi na saba.
Nikafunua kifuniko, nikasoma, nikaandika.
Jioni karani akanirudishia karatasi, kidole juu ya safu ya lita:
"Hii ni nini?"
Nikaangalia. Mwandiko wangu kabisa.
*Kijani*, nilikuwa nimeandika,
*umechubuka chini, karibu na kitasa*.